Mapazia ya Ukweni

Mimi ni mtoto wa Kilwa Kivinje. Baba yangu alikuwa fundi cherehani, na mpaka nilipooa, jembe nililijua kwa kuliona limening'inizwa dukani likingoja mnunuzi. Siku niliyokwenda kujionyesha kwa wakwe, mjomba wa mchumba wangu alinipa mkono, akaushikilia mkono wangu, akaugeuza kiganja juu, akakitazama kiganja kwa muda mrefu. Kisha akanirudishia mkono wangu kama mtu anayerudisha kitu dukani baada ya kuona kina kasoro. Mimi nilidhani amependezwa.

Mke wangu ni Mmwera, na kwao kulikuwa vijiji vya upande wa Kiranjeranje. Kwao mtoto ni wa ukoo wa mama, na mjomba ndiye mwenye kauli ya mwisho. Enzi zile mwanamume akioa huko hakumchukua mke akaondoka naye. Alihamia yeye ukweni, akajenga kibanda pembeni mwa ua, akamlimia mama mkwe. Wakipendezwa naye, walimkatia kipande chake cha shamba na mke akawa wake kweli. Wasipopendezwa, alifungiwa sanduku lake akaonyeshwa barabara. Mjomba alinieleza hayo yote kabla ya ndoa, bila kuficha, nami nikatikisa kichwa kwa kukubali. Niliona ni utaratibu mzuri sana wa kuwashughulikia wanaume wavivu.

Jambo la pili nililoelezwa ni haya, yaani aibu ya ukwe. Mtu na mama mkwe wake hawatazamani usoni, hawapeani mkono, hawasemezani. Wakikutana njiani, mmoja anaingia majanini mpaka mwenzake apite. Shikamoo yangu niliituma kwa mke wangu, na marahaba ikarudi kwa njia hiyo hiyo, wakati mwingine ikiwa imechelewa mpaka mchana. Kwa hiyo nilihamia kumlimia mwanamke ambaye nilimjua kwa sauti ya kikohozi chake na kwa upindo wa kanga yake tu.

Nilihamia mwaka ule ule watu walipokusanywa kando ya barabara katika vijiji vya ujamaa. Kabla ya hapo kila ukoo uliishi kwenye mashamba yake, huku na huku msituni. Ardhi ikichoka waliiacha ilale, wakafyeka kwingine, na baada ya miaka wakairudia. Sasa nyumba zilipangwa kwa mistari, na mashamba yote yakawa nyuma ya nyumba, bega kwa bega, kwenye mteremko unaoshuka mpaka bonde la mpunga. Kwingine pa kuhamia hapakuwa karibu tena. Mteremko ule ule ulipigwa jembe kila msimu, na hakuna aliyeuuliza kama umechoka.

Kijiji kilihitaji katibu wa kamati ya kilimo. Kwa kuwa nilikuwa na mwandiko mzuri, na kwa kuwa kila mwenye akili timamu alikataa, nikachaguliwa mimi. Cheo kile kilinivimbisha kichwa. Wakati wa Uhuru nilikuwa kijana wa gwaride pale Kivinje, na kusema kweli kitu pekee nilichojifunza barabara katika ujana wangu ni kupanga mstari ulionyooka. Nikaona basi huo ndio mchango wangu kwa taifa. Nikachukua kamba ya katani, nikaifunga kwenye mti kule juu, nikashuka nayo mpaka bondeni, na kwa kuifuata kamba hiyo nikaamuru mistari ya matuta katika shamba la mama mkwe, kutoka kileleni hadi chini. Ukisimama barabarani uliyaona yote. Nilikuwa na hakika kwamba siku mkuu yeyote atakapopita na Landrova atasimama, atashuka, na atauliza kazi hii ni ya nani.

Aliyepita wa kwanza ni mvua. Ilikuta njia imekwisha tengenezwa, imenyooka na haina kizuizi, ikashuka mbio. Kila mvua iliponyesha, maji mekundu yalikimbia kati ya matuta yangu, na jioni nilipokwenda kutazama nilikuta mistari bado imenyooka, nikaridhika.

Chini kabisa, bondeni, palikuwa na jaruba la mpunga la dada mkubwa wa mke wangu. Shemeji huyu alikuwa mwanamke wa maneno. Alikwisha kuolewa mara mbili na kuachika, na yeye mwenyewe alisema kwamba ndiye aliyeacha. Kwa kuwa mtu na shemeji yake ni watani, kwangu hakuwa na breki. Mvua za mwanzo zilipomshushia udongo mzuri wa kule juu, alipanda mpaka kibandani kwetu kunishukuru. Akasema nimekuwa mkwe mwema, nawahudumia watoto wote wa nyumba ile bila upendeleo, na mwakani nisisahau kumteremshia na mbegu. Tulicheka sote. Mvua za mwisho zilimshushia mchanga mtupu na kokoto, zikaufukia mpunga wake ukiwa umeanza kubeba. Siku hiyo hakupanda kunishukuru. Nilimwona kwa mbali amesimama katikati ya jaruba, kanga yake kiunoni, hacheki, na mimi nikajifanya nina shughuli ofisini.

Kule juu shamba lilikuwa limevuliwa nguo. Mtama ulitoka mwembamba, vishuke kama vidole vya mtoto. Mjomba alikuja kukagua baada ya mavuno. Alitembea mteremko mzima, mikono nyuma, halafu akainama akaokota jiwe.

"Nimelijua shamba hili tangu mama yangu akiwa hai," akasema. "Mawe haya sikuwahi kuyaona. Umetuoteshea mawe, mkwe wangu."

Akasema nitapewa msimu mmoja zaidi. Usiku ule mke wangu alilia, na nilipomwambia kwamba likitokea la kutokea tutakwenda pamoja Kivinje, akaniambia kwa upole kwamba hatakwenda. Alinipenda, hilo nalijua, lakini hakuwa na nia ya kumwacha mama yake na shamba la mawe, na mimi ndiye niliyeyaleta mawe hayo. Nilimpenda mno, na kwa mara ya kwanza niliogopa barabara ile iliyopita mbele ya nyumba yetu.

Msimu wa pili ulianza na tatizo jipya. Msimu uliopita mama mkwe alilima sehemu ya juu na mimi sehemu ya chini, tukawa mbali kiasi cha kutosha kwa heshima. Sasa sehemu ya juu ilikuwa imebaki ngozi tupu, ikambidi ashuke kulima katikati ya mteremko, palipobaki udongo, na mimi nilikuwa pale pale. Yeye alianza kwa juu akishuka, mimi nilianza kwa chini nikipanda. Tulikuwa tukikaribiana siku hadi siku, na siku moja nilipoinua kichwa, kifua wazi, msuli umekunjwa juu ya magoti, nikaiona kanga yake hatua chache kutoka kwangu. Nikajitupa chini kwenye mihogo. Yeye akageuka, akasimama amenipa mgongo. Kwa kuwa hakuna aliyethubutu kuondoka kwanza, tulikaa hivyo, yeye wima na mimi kifudifudi, siafu wakinitembelea, mpaka mke wangu alipoleta maji ya kunywa akatuamua.

Kazi haikwenda. Kila mama mkwe alipokohoa nilijilaza. Shemeji alinitazama kutoka bondeni, akatangaza kisimani kwamba katibu wa kilimo amegundua ukulima wa kutambaa.

Ndipo nikapata wazo, na niseme wazi kwamba lilikuwa wazo la mtu anayetafuta pa kujificha. Nilikusanya mabua ya mtama wa mwaka uliopita, magugu niliyong'oa, na matawi ya vichaka, nikayarundika kwa mstari mrefu kukata mteremko, kati yangu na yeye. Nilijaribu kuyafanya yawe marefu kwenda juu, yakaporomoka, basi nikayazidisha kwa upana. Nikachomeka vijiti kuyashikilia. Nikawa naweza kulima nyuma ya lile pazia nikiwa nimeinama, bila kuona wala kuonekana. Aliposhuka na jembe akalikaribia pazia, nikarudi chini nikajenga lingine. Alipolifikia hilo, nikajenga la tatu. Niliona kwamba asubuhi marundo yalikuwa makubwa kuliko nilivyoyaacha, nikadhani ni umande umeyavimbisha.

Sasa, mtu asiyekulia kule hawezi kujua aibu niliyojitwika. Kwa watu wa huko, shamba la mtu mwenye akili ni safi. Mabua yanachomwa, magugu yanachomwa, ardhi inabaki nyeusi kwa majivu, na mwenye shamba anasimama pembeni anajivuna. Langu lilikuwa na takataka mistari kwa mistari. Wanawake waliokwenda kisimani walisonya kwa zamu. Mjomba alipita, akasimama, akaendelea bila salamu. Mke wangu alinisihi nichome kabla ya mvua, nami nikakubali, nikasema nitafanya kesho, na kesho yake nikasema kesho. Nilipojikaza hatimaye nikaenda na kijinga cha moto, mvua za kwanza zilikuwa zimekwisha kulowesha kila kitu. Nilitoa moshi mwingi sana. Watu walikuja na ndoo wakidhani nyumba inaungua, wakanikuta natokwa machozi mbele ya rundo bichi.

Kisha mvua kubwa ikaja. Ilinyesha usiku kucha na mimi nilikuwa macho, namsikiliza mke wangu naye akijifanya amelala. Kulipokucha nilikwenda shambani nikitegemea kukuta takataka zangu zote zimetua kwenye mpunga wa shemeji. Marundo yalikuwa yamekaa palepale. Nyuma ya kila rundo, upande wa juu, palikuwa na matope mazito, mekundu, yamejaa mpaka usawa wa mabua. Niliona sasa balaa limekamilika. Nikachukua jembe nikaanza kuyachota matope yale niyatupe, nisafishe, mjomba asije akayakuta.

Sauti ya shemeji ilipanda kutoka bondeni.

"Shemeji, weka jembe chini. Leo maji yamenifikia safi."

Nilitazama chini. Alikuwa amesimama katikati ya mpunga wake, ameukinga mkono majini, anautazama. Hakuwa akitania. Nilitazama tena yale matope nikaelewa, polepole kama ilivyo kawaida yangu, kwamba huo ulikuwa udongo wetu, na kwamba safari hii haukwenda popote.

Mtama ulioota kwenye matope ya yale marundo ulikuwa mnene, majani yake meusi kwa ubichi. Kati ya rundo na rundo haukuwa mbaya. Ulipoanza kutoa vishuke, bwana shamba wa wilaya alipita na Landrova, na kwa mshangao wangu akasimama. Akashuka. Akauliza kazi hii ni ya nani. Siku niliyoingoja tangu nilipoishika kamba ya katani ilikuwa imefika, na mimi nilikuwa nyuma ya rundo nimejilaza, kwa kuwa mama mkwe alikuwa akipalilia juu.

Bwana shamba alifurahi kupita kiasi. Alisema haya ni makinga maji, kwamba watu wa vijiji vingi wamekataa kuyachimba hata kwa amri kwa kuwa ni kazi nzito inayowakumbusha ya wakoloni, na kwamba hapa mwananchi ameyabuni mwenyewe, tena kwa mabua. Akaniuliza nilipataje kujua kwamba yanapaswa kukata mteremko. Nilimwambia ni utafiti. Sijui neno lile lilinitokea wapi. Nilisema nimekuwa nikichunguza mwenendo wa maji kwa muda, na mke wangu, aliyesimama pembeni na kikapu, akatazama mbinguni.

Baada ya mavuno, kabla mjomba hajakaa kunihukumu, nilipakiwa Landrova nikatembezwe vijijini kufundisha. Alitakiwa pia mwanamke mmoja wa kuwakilisha akina mama, na kijiji kikamchagua shemeji. Tulikwenda mpaka vijiji vya chini ya uwanda wa juu wa Rondo. Nilivaa shati jeupe. Katika kila kijiji nilisimama nikatoa hotuba juu ya mwenendo wa maji, mmomonyoko, na wajibu wa mkulima kwa taifa changa, na watu walisikiliza kwa adabu ile wanayoitumia watu wanaongoja kiongozi amalize ili wakale. Waliniuliza swali moja tu, na lilikuwa juu ya bei ya korosho.

Katika kijiji cha mwisho nilishikwa na homa katikati ya hotuba nikaketi. Bwana shamba akamwomba shemeji amalizie. Shemeji alisimama akajifunga kanga vizuri, akawaambia ukweli. Akawaigiza: mama yake anavyoshuka na jembe, katibu anavyojirusha kwenye mihogo, siafu, moshi, ndoo. Alilala chini kabisa mbele ya watu akaonyesha ninavyolima kifudifudi. Vikongwe walifuta machozi kwa kucheka. Nilitamani ardhi, badala ya kumomonyoka, ipasuke inimeze. Kila mwanamume pale alikuwa na mama mkwe, na karibu kila mmoja alikuwa amewahi kuingia majanini njiani. Mzee mmoja aliniuliza kwa dhati kabisa kama rundo la kufika magotini linatosha heshima, na watu wakabishana juu ya hilo mpaka jua likazama.

Msimu uliofuata bwana shamba alizunguka tena kukagua. Katika vijiji nilikohutubia mimi hakukuta hata bua moja limelazwa. Katika kile cha mwisho alikuta marundo yamekata mteremko mzima, shamba kwa shamba, na kutoka hapo yalikwenda vijiji vya jirani bila Landrova, yakisafiri pamoja na kile kichekesho. Kule yanaitwa mapazia. Wengine wamepanda nanasi juu yake, wengine mbaazi, na mengine yameota nyasi yakawa kingo za kudumu. Nimewahi kukaribishwa chakula na vijana walionisimulia habari za mtu mmoja mpumbavu wa Kivinje aliyemwogopa mama mkwe wake. Nilicheka nao, nikaomba niongezewe mchuzi.

Lakini niliporudi kutoka safari ile, shati jeupe limekuwa jekundu kwa vumbi, sifa zote za wilaya hazikuwa na thamani yoyote uani kwetu. Mjomba alikuwa ameketi ananingoja. Sanduku langu lilikuwa limetolewa nje, limewekwa kando ya mlango. Mke wangu aliketi karibu nalo na hakunitazama. Mama mkwe alikuwa ndani, nyuma ya mlango, kama desturi inavyotaka.

Mjomba alisema serikali imenipenda, na hilo ni la serikali. Ukoo haujasema. Shamba langu ni chafu, na mikono yangu anaijua. Mtama umetoka, lakini mtama unaweza kutoka kwa bahati. Kisha akageukia mlango.

"Dada, wewe ndiye uliyelima naye. Unasemaje?"

Nilisikia kile kikohozi. Halafu mama mkwe akasema, akimwambia kaka yake, ingawa kwa sauti ya kunifikia.

"Yale matakataka hayafiki hata kiunoni. Msimu mzima nimemwona. Nikawa naongeza mabua upande wangu kila jioni, si kwa haya. Anavyolishika lile jembe, kaka, roho inauma kutazama."

Shemeji aliangua kicheko, kisha wote, na mjomba naye akainamisha kichwa mabega yakimtikisika. Mimi nilitazama sanduku langu. Nilikuwa nimekwisha kuanza kupanga nitakavyomweleza baba yangu.

"Basi aende?" mjomba akauliza.

"Aende wapi?" mama mkwe akasema. "Nimepata wakwe wengine mimi. Wale walisimama shambani mwangu vifua wazi wakinipigia miluzi, mimi ndiye niliyezunguka vichakani na uzee wangu. Huyu kalala kwenye siafu. Abaki. Mfundisheni tu jembe."

Desturi haikuniruhusu kumjibu. Nilitaka kusema asante, na badala yake machozi yalinitoka mbele ya shemeji, jambo ambalo nililipia kwa miaka mingi. Mke wangu alilichukua sanduku akalirudisha ndani. Mjomba akainuka, akanipa mkono, akaugeuza mkono wangu kiganja juu, akakitazama, akashusha pumzi. Safari hii hakunirudishia.